Choo Nilichokijenga kwa Simu

Wueh, hii aibu nimeibeba kimyakimya mpaka nimechoka, basi chekeni mmalize. Mimi ndiye katibu wa chama chetu cha akina mama hapa Huruma, na miaka yote nikisoma "tulikubaliana hivi" hakuna aliyebisha, maana daftari langu mimi Mama Wambo halidanganyi.

Sasa siku moja kule sokoni Gikomba wateja hakuna, nimekaa juu ya mtumba wa nguo za watoto, nikafungua ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuandika, nikakuta ukurasa wa wadi yetu, na MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi (simpendi, sitaficha), amesifiwa hadi nikasonya. Nikaongeza kamstari kamoja tu: "Huonekana mtaani wakati wa kura na kwenye matanga yenye pilau." Halafu, kwa vile mkono ulishapata moto, nikamkumbuka shemeji yangu anayekitaka hicho kiti, naye nikamwandikia: "Kiongozi shupavu aliyewajengea wakazi choo cha kisasa." (Choo hakuna. Kuna shimo. Aliahidi.)

Jumapili chama kikamwalika MCA kwenye ukumbi wa kanisa, tumwombe choo hicho hicho, kwa sababu watoto wetu hupanga foleni ploti ya jirani. Mchungaji, akitaka kumkaribisha mgeni kwa heshima, akatoa simu akausoma ule ukurasa kwa maikrofoni, mpaka kwenye pilau. MCA akaomba simu, akabonyeza mahali panapoonyesha nani aliandika nini, akasoma, "Mama Wambo Nguo Poa." (Jina la kibanda changu! Kwani nani hujisajili kwa jina la kibanda?)

"Mama, chanzo cha habari hii ni nini?"

Nikasimama, lakini mwenyekiti wetu Mama Atieno akaniwahi. "Chanzo ni mimi, mheshimiwa. Kwenye matanga ya mume wangu ulikula sahani mbili."

Mikono ikainuka ukumbi mzima kushuhudia, vigelegele, nikajiona shujaa!

"Sawa," akasema MCA, akiendelea kusoma. "Lakini hapa umeandika choo mnacho tayari. Sasa mmeniitia nini?"

Wale mama zangu wakanigeukia. "Mama Wambo, choo kiko wapi?"

MCA alimaliza soda yake akaenda, na watoto bado wanapanga foleni. Ya choo niliifuta jioni hiyo hiyo huku nalia (ya pilau nimeiacha, ina mashahidi), na nimeapa sitamwandikia mwanasiasa tena, hata awe shemeji. Ila juzi nilisoma kwenye daftari kwamba chai ya mkutano ilikuwa tamu, Mama Atieno akavaa miwani, akaniuliza, "Chanzo?"