Jinsi nilivyonasa mapajani kwa baba mkwe, Bweranyange, kisa magoti

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Niliowazidi, nimeshaitikia marahaba, endeleeni.

Hili jambo lilinipata mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi hata punje, goti langu la kulia lirudi lilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina Fuso mbili na duka la mabati pale Kayanga, na wenye digrii wananiita bosi. Sijarithi hata kuku.

Turudi miaka ya themanini mwishoni. Nilikuwa kijana wa Nyakakika, nabeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli. Milima ya kwetu mnaijua. Wenzangu walishuka wakasukuma, mimi napanda nimekaa, napiga mluzi. Wasichana wa Bugene walitoka migombani kuniangalia tu.

Siyo majivuno, ni historia.

Mmoja aliniangalia zaidi. Domitila, wa Bweranyange. Baba yake, mzee Rwakageyo, asili yao Rwanda, alikuwa mfugaji wa wale ng'ombe wa pembe ndefu. Aliwapenda kuliko watu, na watu tulijua hivyo.

Mzee alinipima kwa maziwa. Ukifika, anakamua mbele yako, anakupa kyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, bado ya moto kutoka kwenye chuchu, povu juu. Unashika kwa mikono miwili, unamaliza papo hapo. Ukikataa umemtukana yeye na ng'ombe wake mpaka babu wa ng'ombe.

Na kuchemsha ni mwiko. "Ukichemsha maziwa umemchemsha ng'ombe," alikuwa anasema. "Chuchu zinapasuka."

Mimi nilikuwa namaliza kyanzi naomba cha pili. Mzee akawatangazia majirani: "Huyu ndiye mwanaume." Confidence ikapanda, nikawa natembea kifua mbele hadi nakosa kuona mashimo.

Ndipo magoti yakaanza.

Goti moja, kisha la pili, kisha nyonga, kisha mgongo. Jioni homa, jasho linalowesha mkeka, asubuhi nimepona kama nilikuwa natania. Kutoka kitandani nilikuwa nafunguka pole pole kama mwavuli wenye kutu. Kijana wa miaka ishirini na kitu!

Rafiki yangu Deo akanicheka: "Wewe umezeeka kwa siri."

Zahanati wakasema malaria. Nikapewa klorokwini. Wakuu wa zamani mnaikumbuka klorokwini? Mwili mzima ukawa unawasha, na bega limegoma, mkono haufiki mgongoni. Nikawa najikuna kwenye mgomba kama nguruwe.

Shangazi yangu akasema nimetegewa. Akanipeleka kwa mganga upande wa Kyerwa (enzi hizo kote tulikuwa tunaita Karagwe). Mganga akanichanja magotini, akapaka majivu, akasema adui yangu ni mtu mfupi anayeishi kwenye mteremko.

Karagwe! Nani haishi kwenye mteremko?

Na kila niliyemwendea alimalizia hivi: "Kunywa maziwa ya kutosha, yanaimarisha mifupa." Mzee Rwakageyo aliposikia akaniongezea kyanzi cha jioni. Mimi nikanywa kwa bidii, nikitaka nipone.

Ikaja siku ya kutambulishwa rasmi ukweni. Kwa wasiojua, kwetu muoaji anapakatwa. Baba mkwe anakaa kwenye kigoda, wewe unakaa mapajani kwake kidogo, ishara kwamba amekuzaa. Kisha unainuka watu wanapiga vigelegele.

Nikakaa.

Vigelegele vikapigwa. Vikaisha.

"Mwanangu, inuka," mzee akaninong'oneza.

"Baba, nimenasa."

"Umenasa wapi?"

"Magoti, baba. Hayataki."

Shangazi yake Domitila, mdomo kama redio, akauliza kwa sauti: "Jamani, huyu tunamuoza au tunamnyonyesha?"

Ukumbi wa migomba ukalipuka. Deo na wajomba wawili wakaninyanyua nikiwa nimekunjwa vile vile, kama kiti. Mimi, niliyekuwa napanda milima napiga mluzi!

Mzee hakucheka. Alibaki kwenye kigoda chake, uso umekunjamana. Akasema mbele ya watu wote:

"Sina ugomvi na wewe. Lakini sitoi binti kwa ugonjwa usio na jina. Katafute jina lake. Ukilikosa kabla ya mavuno ya kahawa, yule karani wa ushirika ameshauliza mara mbili."

Karani! Mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli hata kwenye tambarare!

Domitila alinifuata hadi njia panda. Akaniambia, "Nenda hospitali ya misheni. Ukirudi na hadithi za mtu mfupi wa mteremkoni, naolewa na karani."

Nikapanda juu ya lori la kahawa, kila shimo nalisikia kwenye nyonga.

Huko nikakuta daktari mama mmoja mpole. Akaniuliza maswali mengi. Akafika kwenye chakula, na hapo, wakuu, nikaona uwanja wangu umefika.

"Mimi mama nakunywa maziwa kuliko ndama," nikamwambia. "Uliza Bweranyange nzima."

"Yaliyochemshwa?"

Nikacheka. "Mama! Mimi ni mwanaume. Kutoka kwenye chuchu moja kwa moja."

Akaacha kuandika. "Hao ng'ombe kuna waliotupa mimba?"

"Wapo. Tumemlaumu jirani."

Sasa akacheka yeye, akanipeleka nikatolewa damu. Majibu yalipotoka akaniambia ni brusela, homa inayotoka kwa ng'ombe wagonjwa, inapita kwenye maziwa mabichi na kushambulia maungio. Nikaandikiwa sindano na vidonge vya wiki nyingi.

Angalieni hapo. Wataalamu wote walikosa, nikapona kwa sababu ya kujisifu. Ningekuwa mnyenyekevu ningekuwa kilema.

Ila shida ndiyo ilianza. Jina nimelipata, lakini jina lenyewe ni ng'ombe wa baba mkwe. Nitamwambiaje?

Nilifika Bweranyange jioni. Mzee yuko kwenye kigoda. Akanisogezea kyanzi kimejaa, povu juu. Nikakishika kwa mikono miwili. Sikunywa.

"Baba, jina limepatikana."

"Linaitwaje?"

"Ni ugonjwa wa ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Nikatazama povu. "Wako, baba. Uko humu ndani."

Hata ng'ombe waliacha kucheua. Domitila alikuwa mlangoni ameshika kinywa. Nikaanza kumuona karani amevaa suti.

Mzee akauliza taratibu, "Daktari alisema unaanzia magotini?"

"Ndiyo, baba."

"Kisha nyonga? Na jasho?"

"Ndiyo, baba. Umejuaje?"

Akamtazama Domitila, akatazama zizi, akashusha sauti.

"Siku ile nilipokupakata, ulidhani ni wewe tu uliyenasa?"

Wakuu, mzee alikaa pale kwenye kigoda hadi mgeni wa mwisho alipoondoka, kwa sababu hakuweza kusimama! Alikuwa anaumwa kunizidi, anaona aibu, mfugaji gani anaumwa na maziwa yake?

Nikampeleka hospitali mimi mwenyewe, juu ya lori, tumeshikana kama wachumba. Bwana mifugo akaja akapima zizi, ng'ombe wagonjwa wakaondolewa. Mzee alilia, nisiseme uongo. Kuhusu kuchemsha alikubali kwa sharti moja: tuchemshie nyuma ya nyumba, ng'ombe wasione.

Siku ya harusi nilipakatwa tena. Nikainuka kama springi. Naye akainuka, tukacheza.

Funzo: viungo vikiuma ovyo ukiwa kijana, usikimbilie kusema umetegewa. Nenda upimwe, na daktari mwambie kila unachokula na kunywa, hata unachojivunia. Na chemsheni maziwa.

Wa Karagwe na Kyerwa mliomo humu, semeni ukweli, nani bado anabugia mabichi? Na aliyewahi kunasa ukweni asione haya, ashushe kisa chake tumcheke kwa upendo.

Mimi naishia hapa. Domitila anaita kutoka nyuma ya nyumba, maziwa yanataka kumwagika, na katika himaya yangu yote hii, kuyachunga yasifurike ni kazi yangu.