Maji ya Kunde

Kosa langu la kwanza, baada ya kuambiwa figo zangu zimechoka, lilikuwa kumpa susu amri bila sababu. Susu ni mama yake mama, na huko Kanyangi jiko ni lake.

Kwenye kliniki, muuguzi alikuwa amenionya kwamba potasiamu yangu imepanda. Figo nzima huitoa kwa mkojo; zangu zilikuwa zinaiacha kwenye damu, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Akanishauri mboga zangu zichemshwe kwa maji mengi, kisha maji yamwagwe.

Nikarudi na bidii ya kutisha. Mengine nilijisomea kwenye simu. Nilikata majani ya kunde vipande vinavyolingana hadi susu akauliza kama ninayashonea suti. Nikachemsha, nikachuja, nikaacha sufuria ya maji ipoe nje ya jiko, nikamwambia ni ya kumwaga. Akasema sawa. Ikawa hivyo kila siku.

Kipimo kilichofuata, potasiamu ilikuwa juu zaidi. Nilijishuku vibaya. Nikaacha ndizi, nikaacha parachichi, nikaanza kuitazama hata dawa ya meno kwa jicho baya.

Kisha mchana mmoja niliingia jikoni mapema, nikamkuta susu anasonga ugali kwa maji ya kijani. Ugali ule ule niliokuwa nikiusifu.

"Susu, hayo si ya kumwaga?"

"Nimwage maji? Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Maji yetu huchotwa kwenye shimo la mchanga mtoni, na punda huyapandisha kilima akinuna njia nzima. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: figo, damu, moyo. Mwiko ukasimama.

"Na mimi nilidhani unaona mboga zangu ni chafu," akasema.

Akaipua sufuria, akampa mbwa ugali wote. Mbwa hakuamini bahati yake. Kisha susu akaniita daktari wa simu, akanituma nilete maji mengine.

Siku hizi mpapai humwagiliwa maji ya kunde, na ugali una sufuria yake. Potasiamu imeshuka. Bado naogopa kila nikisubiri majibu, lakini nikitoka kliniki, susu husikia kila agizo pamoja na sababu yake kabla sijagusa mwiko.