Mama Panya na Wavivu Wake

Nikisema mjukuu wangu anakula mshahara kwa kutazama panya wakining'inia, msicheke. Ndiyo kazi yake. Mtaani wamembandika jina la Mama Panya, naye huitika kana kwamba ameitwa malkia.

Chanzo ni shangazi yake, binti yangu, fundi cherehani. Asubuhi alishona kama mwenye mikono minne. Ikifika alasiri kope zinamwangukia kama mapazia, taya linagoma kutafuna. Watu wakasema mvivu. Mama Panya, wakati huo bado anang'oka meno ya utoto, akaniuliza, "Bibi, mvivu gani huyu anapona kila asubuhi?"

Akasoma mpaka macho yakataka miwani, na miwani ikataka miwani. Siku moja akaja kunieleza jikoni.

"Bibi, mwilini kuna askari wanaotulinda na magonjwa. Wa shangazi wamepotoka. Wanauvunja mlango ambao neva hupitishia amri kwenda kwenye msuli. Amri inatumwa, msuli hausikii."

"Basi wafukuzwe kazi!"

"Ukiwafukuza wote, mafua tu yatakuzika. Natafuta dawa ya kuwatuliza wakorofi peke yao."

Aliitafuta miaka na mikaka, hata mumewe akaanza kuwaamkia panya kama wakwe.

Dawa ilipokuwa tayari, Mkuu wa maabara, bwana ambaye tumbo lake huingia mlangoni likamsubiri, akamwambia, "Jaribio hili likishindikana, chumba nampa mwingine." Kazi yote ya mjukuu wangu ilikuwa mle ndani. Siku ya siku akanichukua nikamtie moyo. Wakanivika koti jeupe mpaka vidoleni, nikawa mzuka wa daktari.

Panya wote walikuwa na ugonjwa wa shangazi. Nusu walipewa dawa, nusu maji matupu, na aliyejua nani kapewa nini ni mtunza panya peke yake, ili Mama Panya asipendelee. Panya anawekwa juu ya wavu wa chuma, wavu unapinduliwa, anabaki kaning'inia miguu juu. Mwenye nguvu hudumu, mnyonge huanguka. Chini walitandika pamba nene, asiumie mtu. Yaani panya.

Wakaanguka wote upesi. Pu! Pu! Kama nguo zilizokatikiwa kamba.

"Pole, Daktari," Mkuu akasema. "Dawa yako maji. Anza kufungasha."

Mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse meza.

"Umeangusha hereni?" Mkuu akauliza.

Akawaning'iniza tena panya wawili. "Mkuu, hebu inama uone."

"Nikiinama mimi, nani ataniinua?"

"Tutakuinua wote. Tazama huyu: anatetemeka, mguu mmoja unateleza, wa pili unafuata. Huyo kachoka. Sasa mwangalie mwenzake."

Mwenzake alichungulia chini, akaiona pamba, akaachia miguu yote kwa mpigo. Akatua, akajikunja, akaanza kusinzia. Naapa nilimsikia akikoroma.

"Huyo hakuanguka, karuka!" akasema Mama Panya. "Shangazi yangu aliumwa wakamwita mvivu. Hawa wavivu, nasi tunawaita wagonjwa. Tumewatandikia kitanda, nani asilale?"

Akaondoa pamba, akaweka karai la maji ya vuguvugu, ya kina cha kidole. Nani kamwona panya anayependa kuoga?

Wakarudia, kila panya zamu yake. Wengine waliteleza palepale, mtunza akawaopoa na kuwafuta kwa taulo. Wengine walichungulia maji, wakaukamata wavu kama mpangaji anayegoma kuhama. Mkuu aliagiza chai, ikapoa, akaagiza nyingine.

"Haya, sema," akamgeukia mtunza. "Waliong'ang'ania ni akina nani?"

"Wa dawa, Mkuu. Walioteleza wote ni wale waliopewa maji matupu."

Nilipiga kigelegele mpaka vioo vikaomba radhi.

"Taratibu, Bibi," mjukuu wangu akacheka, machozi yakimtoka. "Toka panya mpaka shangazi bado kuna safari."

"Basi safiri ukiwa humuhumu," Mkuu akasema. "Chumba chako. Lakini huyu wa mwisho, hashuki? Nataka kwenda kula."

"Nenda tu, Mkuu. Hapa sisi hatuna haraka tena."