Mama Hebu Tuone na tangazo la maji

Saa moja asubuhi, foleni ya ndoo imeshapinda kona. Mwanamke mfupi mwenye aproni ya bluu anafungua koki kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika karatasi yenye mhuri. Anasoma kwa sauti huku maji yakimiminika.

"Rudia hapo penye namba," anadai mshona viatu, mzee aliyekalia dumu lake.

"Subiri, babu. Namba ni raundi ya pili."

Foleni inacheka. Mama huyu, mjane wa miaka hamsini na mbili, ameuza maji katika kioski hiki kwa miaka kumi na mmoja. Wateja humwita Mama Hebu Tuone. Wengi wao macho yamechoka au hawakusoma sana, kwa hiyo kila tangazo la serikali likibandikwa ukutani, yeye huwasomea mara tatu. Kwanza analisoma lilivyo. Kisha anasimama kila penye namba na kuuliza nani alihesabu, na lini. Mwisho anauliza ni nani hakutajwa.

Mazoea hayo ndiyo yaliyookoa kioski chenyewe.

Mwezi wa tatu, idara ya maji ilitangaza kwamba kaya tisa kati ya kumi za mtaa zinapata maji nyumbani, hivyo kioski kingefungwa mwisho wa mwezi. Pembeni palikuwa na picha ya mtoto akinawa, meno yote nje. Watu walinyong'onyea. Mshona viatu alisema serikali ikishaandika, imeandika.

Katika raundi ya pili, Mama Hebu Tuone aliona maandishi madogo chini kabisa: hesabu ilitokana na mita zilizofungwa. Akawaomba wenye mita wanyooshe mikono. Karibu wote wakanyoosha. Akauliza ni nani aliyekinga maji bombani kwake wiki ile. Ikabaki mikono miwili.

"Wamehesabu mita, jamani," aliwaambia. "Hakuna aliyefungua koki."

Hakumtukana mtu. Alizunguka na mkwewe, ambaye ni fundi bomba, wakajaribu bomba katika nyumba sitini. Zilizotoa maji zilikuwa kumi na moja. Akapeleka orodha ofisini na kumwomba afisa, kwa adabu, aje achague mwenyewe nyumba yoyote.

Afisa alikuja, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Akachagua nyumba yenye geti la kijani na kufungua bomba. Likakohoa, likatema vumbi.

"Nyumba hii nimeihesabu mimi, mama," alisema polepole. "Nilihesabu nikiwa mezani."

Mama akamkaribisha kikombe cha maji kutoka kwenye ndoo. Kabla ya kuondoka, kijana yule alimbebea mteja mmoja mjamzito ndoo yake hadi mlangoni, viatu vikalowa, wala hakulalamika.

Wiki mbili baadaye likaja tangazo jipya: namba imesahihishwa, kioski kitaendelea. Mama Hebu Tuone akalisoma nalo mara tatu.

"Hata hili unalitilia shaka?" mshona viatu alimtania.

"Hili hasa, babu. Linanifurahisha mno."

Hata yeye huteleza. Mwaka jana alipinga tangazo la kuchemsha maji, mpaka nesi wa zahanati alipomwonyesha majibu ya vipimo vya maji hayo. Kesho yake alisimama mbele ya foleni, akaomba radhi. "Kukataa kila kitu nako ni uvivu," anasema.

Sasa kila Jumamosi mchana, wanawake saba hukaa naye kivulini mwa kioski, wakijifunza kusoma matangazo kwa raundi zake tatu. Anataka wafike ishirini kabla ya mwaka kwisha.

Na kioski je, anaomba kiendelee milele?

"Hapana, mwanangu," anasema, akimtwisha mteja ndoo. "Siku maji yakitoka kweli majumbani, nitakifunga mwenyewe, tena nikicheza. Ila nitapita kwanza, nifungue koki moja moja."