Mdomo wa Mama Libérata

Zamani kidogo, mtaa wa Hombo ulikuwa na televisheni moja tu, nayo ilikuwa ya Mama Libérata, muuza maharagwe aliyehamia kutoka Masisi. Jioni tamthilia ikianza, sebule yake ilifurika: waliowahi walikaa kwenye mabenchi, waliochelewa walichuchumaa. Yeye alikaa kwenye kiti chenye mto, akiamua nani anyamaze na nani apeleke kikohozi chake nje. Alikuwa mjane, watoto wote wako Goma, na kelele zile zilimshibisha kuliko ugali.

Halafu simu zikaingia. Kila mtu akawa anaangalia tamthilia kiganjani, wakati wake, kwa mwendo wake; huyu bado yuko kwenye posa, jirani yake keshafika kwenye talaka. Mabenchi wakayarithi kuku. Mnaweza kucheka, lakini sebule tupu inauma.

Libérata naye akanunua simu, akatangaza sokoni kwamba ameitazama tamthilia yote mpaka mwisho. Uongo mtupu. Alikuwa amebonyeza kila mahali, na alichofanikiwa kuwasha ni tochi. Lakini alipomwona Adelaïde, muuza mawese, alitikisa kichwa na kuguna kwa huruma juu ya daktari wa tamthilia, ambaye alikuwa amemsikia tu akitajwa sokoni: "Masikini ule docteur. Na vile alipendaka mama yake."

Adelaïde aliziba masikio akatimua mbio, mawese akayaacha juani. Jioni alikuja na mkungu wa ndizi, na nusu ya soko nyuma yake. "Mama Libérata, tunakuomba, funga mudomo," alisema. "Siye hatuyafika kule." Libérata aliapa kunyamaza, ila hakuna aliyemwamini, kwa maana mdomo ule walikuwa wanaufahamu. Wakakata shauri kuulinda kwa zamu, na kwa kuwa kila mmoja aliogopa mwenzake angezembea kwenye zamu yake, wakawa wanakuja wote.

Sebule ikajaa tena. Kila mtu na simu yake, nyaya masikioni, jicho moja kwenye tamthilia, jingine kwenye mdomo wa mwenye nyumba. Libérata alifurahi kama bibi arusi, kwa siku chache. Kisha mateso yakaanza. Huku mtu anacheka, kule mtu anasonya; Straton, fundi cherehani mwenye mvi zake, alipiga magoti mbele ya simu akimsihi mtu asipande gari. Gari gani? Nani anaendesha? Libérata aliungua kwa hamu, lakini angeuliza neno moja tu, wote wangechukua simu zao wakaenda makwao.

Jioni moja Adelaïde alichomoa nyaya masikioni, machozi yakimchuruzika, akamshika mkono.

"Mama, ulijua hii yote na ukanyamaza. Uliweza namna gani?"

"Iko nguvu, dada, iko mateso," alisema Libérata. "Iko nguvu sana."

Akamkumbatia, wakalia pamoja kwa uchungu wa kweli, naye Libérata hajui aliyekufa ni nani.