Tulivyobishana kemo au mizizi kwa ajili ya Baba, hadi mtani wake alipoingia

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo.

Hii si chai. Ni mambo ya nyumbani kwetu na bado yananiuma, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ng'ambo hapa Tabora mjini. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku Goweko, uzeeni akabaki na mizinga yake ya nyuki tu.

Mwaka jana akaanza kulalamika kwamba ugali unakwama kooni. Akawa anausukuma na maji. Baadaye hata wali ukamshinda, akabaki na uji na asali. Nikamleta mjini, hospitali wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakarudi kansa ya koo.

Daktari alituita mimi na kaka yangu mkubwa. Hakuzunguka. Alisema kumponya hawezi kuahidi, ila kemo, ile dawa ya kansa ya kutundikiwa kwa mirija, inaweza kupunguza uvimbe ili mzee aweze kumeza kwa muda. Akasema pia kwamba kwa umri ule dawa yenyewe inaweza kumlaza chini kuliko ugonjwa. Na safari ni ya Mwanza, kwenda na kurudi, tena na tena.

Mwisho akauliza, "Mwenyewe anasemaje? Muulizeni, halafu mje."

Tukaitikia. Tukatoka nje, Baba amekaa kwenye benchi, kofia mapajani. Kaka akamwambia ni vidonda tu.

Msituhukumu haraka. Kwetu mzee haambiwi neno kama lile. Ukimwambia, unaonekana umeanza kumchimbia kaburi.

Basi tukamrudisha Goweko, vikao vikaanza, nyuma ya nyumba, kwenye bani la zamani la kukaushia tumbaku, ili asisikie. Kaka, ambaye ni mwalimu Nzega, anataka kemo. Shangazi anataka mizizi ya mganga mmoja wa Igunga, eti jirani yake alikunywa na uvimbe ukayeyuka. Uvimbe gani, hakuna aliyejua. Kaka akimwita shangazi mshamba, shangazi anamwambia anataka kumuua baba yake kwa sumu ya mirija. Wakati huo chupa ya mizizi ilikuwa imeshafika kitandani, na Baba anakunywa kila asubuhi, akijua anatibu vidonda.

Na anapungua. Suruali zake nilizipunguza kiuno mimi mwenyewe. Nikazipunguza tena.

Hapo ndipo akaja Mzee Ndahani.

Huyu ni Mgogo, alifanya kazi reli akastaafia Kigwa, akaoa huko huko. Wagogo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za wapagazi kupita Ugogo na mizigo kwenda pwani. Yeye na Baba walitukanana miaka yote, na mtani hakasirikiwi.

Akaingia, akamtazama Baba, akachukua kofia yake ukutani akaivaa. "Mnyamwezi," akasema, "nasikia una kansa. Nimekuja kujaribu urithi wangu mapema, nisije nikapewa kitu kisichonitosha."

Shangazi akaangusha kikombe.

Baba akacheka. Wakuu, alikuwa hajacheka tangu masika. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akatugeukia sisi.

"Kwa hiyo mtani wangu ndiye wa kuniambia?"

Akamwomba Mzee Ndahani ampeleke kwa daktari, wao wawili. Mimi nilifuata nyuma tu. Alipoelezwa yote, ya kemo na ya kukaa bila kemo, alisema angependa kujaribu. Alitaka ameze ugali tena, hata kama ni mpaka asali ya mwaka ule irinwe.

Daktari akampima, akasema taratibu kwamba mwili ule sasa hauwezi kuibeba kemo. Tukapewa dawa ya maji ya kupunguza maumivu.

Njiani kurudi Goweko, Baba alisema mara moja tu, na wala hakupaza sauti: "Labda ningekataa. Labda ningekubali. Lakini ningesema mimi."

Alifariki kabla ya kurina.

Siku ya kuzika, watani walifanya yao kama kawaida. Mzee Ndahani akashuka kaburini na ile kofia kichwani, akalala chali, akagoma kutoka. Watu wakawa wanacheka, wanamuuliza anataka nini.

Akasema, "Sitoki mpaka watoto wake wajibu. Huyu Mnyamwezi mmemuuliza kama anataka kulala hapa?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi na kaka tukatazama udongo. Shangazi akajifunika khanga usoni.

Sijui kama kemo ingemsaidia. Sijui kama mizizi ndiyo iliyommaliza. Sitaki kumdanganya mtu hapa, na wanaoleta vita ya hospitali na miti shamba waende uzi mwingine. Nilichojifunza ni kwamba mzee anaweza kuwa dhaifu wa mwili, lakini shauri la mwili wake bado ni lake.

Wenye wazazi wagonjwa, ninyi mliwaambiaje? Mlianza na neno gani? Mniandikie hapo chini.

Mama yangu bado yupo, na juzi ameanza kulalamika tumbo.