Mikonge ya Marehemu Crescencio

Eutimio Arrazola alijivunia ulimi wake kupita kiasi. Ukimpa tone la meskali, ile pombe kali ya mkonge, kwenye kata ya kibuyu, angekuambia kama mkonge wake uliota bondeni au mlimani, ulikatwa ukiwa na umri gani, na kama mpishi aliwahi kufunika tanuri au alizubaa. Tekila aliidharau bila kuficha. "Huo ni mkonge wa aina moja tu, unapandwa kwa mistari na kupikwa kwa mvuke," alikuwa akisema. "Ukinywa moja umezinywa zote." Watu wa kijiji chake cha San Lucas Guiebé walimvumilia kwa sababu mara nyingi alikuwa sahihi, na kwa sababu meskali aliyopika mwenyewe ilinyweka.

Rafiki yake Crescencio Matadamas alikuwa mtu wa maneno ya kuchoma. Angeweza kumtania padri mpaka padri akasirike, na bado watu walimpenda. Binti yake Nereida alipozaliwa, alipanda juu ya genge la mawe ya chokaa akapandikiza mikonge thelathini ya mlimani, ile ya majani mapana inayokaa zaidi ya miaka ishirini ndipo ikomae. "Hii ndiyo tutakayokunywa akiolewa," alimwambia Eutimio, ambaye ndiye aliyemsimamia mtoto ubatizo, padrino wake. "Nikitangulia, utapika wewe. Sasa usije ukaniharibia."

Nereida alikuwa hajatimiza miaka miwili kifusi cha machimbo kilipomfunika baba yake. Picha iliyobaki ilikuwa moja, na ndani yake Crescencio ameinamisha kofia. Kitu pekee cha mikono yake ambacho binti angeweza kukionja ni ile mikonge.

Eutimio aliitunza kwa miaka ishirini, kisha akaiharibu kwa wiki tano.

Mkonge hujiwekea sukari maisha yake yote ndani ya nanasi, ndivyo wanavyoliita kule lile tunguu kubwa la katikati, kwa ajili ya kuchanua mara moja tu. Mlingoti wa maua ukianza kuchomoza lazima ukatwe ungali chini ya goti, ili sukari ibaki kwenye nanasi. Ukichelewa, utamu wote hupanda juu na nanasi hubaki nyuzi na maji. Hata mtoto wa pale analijua hilo. Lakini mwaka ule, Nereida akiwa ameshachumbiwa, Eutimio alialikwa kuonja pombe kwenye maonyesho mjini Oaxaca. Alipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, watu wakamsifu, wakamwita maestro, yaani bingwa wa kazi yake, naye akaona raha. Alikwenda kwa siku tatu, akakaa wiki tano. Kila asubuhi alikumbuka genge, na kila asubuhi akajiambia kesho.

Aliporudi, milingoti ilikuwa imempita kimo, mingine tayari na maua ya manjano. Mikonge minne tu ilikuwa haijachomoza. Alikaa chini kwenye mawe akalia, kisha akafanya jambo baya zaidi ya kuchelewa. Alikata milingoti yote akaitupa korongoni, akashusha yale mananasi manne, na kujaza tanuri kwa mananasi ya bondeni, ya mkonge wa kawaida unaovunwa kwa miaka saba. Majirani walipokuja kusaidia aliwafukuza, akisema kuipika peke yake ni nadhiri yake kwa marehemu.

Kwenye arusi za kule, kabla ya kata ya kwanza, mpishi husimama akataja asili ya kinywaji: nani alipanda, wapi, miaka mingapi. Siku ya arusi ya Nereida, Eutimio alisimama uani, mtungi mbele yake.

"Fupisha, mzee," alisema Wulfrano, mjomba wa bwana arusi. "Asili ya pombe isiwe ndefu kuliko ya bwana arusi, koo zinakauka."

Watu wakacheka. Eutimio akasema, "Ilipandwa na Crescencio Matadamas, juu ya genge la chokaa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ni yake yote." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na kwa hilo alijichukia.

Wa kwanza kuonja alikuwa Macaria, mjane wa Crescencio. Alimwaga matone machache chini kwa ajili ya mumewe, akapiga funda, akaliweka mdomoni muda mrefu. Halafu akamtazama Eutimio.

"Imetoka laini, shemeji," alisema. "Laini kweli."

Hakuna aliyewahi kumwita Crescencio laini. Eutimio alielewa kwamba amejulikana, na kwamba mama huyu amemwachia nafasi ya kusema mwenyewe. Hakusema. Macaria akampa binti yake kata.

Nereida alikunywa akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Tamu, mama. Kama viazi vitamu vya kuchoma," alisema. "Mmenidanganya miaka yote kwamba baba alikuwa mkali. Kumbe alikuwa hivi." Akamgeukia Eutimio. "Padrino, niwekee chupa moja. Nikipata watoto nitawaonjesha wamjue babu yao."

Hapo ndipo uongo ulipomshinda. Angeweza kuishi na aibu yake mwenyewe, lakini hakuweza kuuacha urithiwe na wajukuu wa rafiki yake.

"Usiweke, mwanangu," alisema. "Huyo siye baba yako. Mikonge yake ilichanua mimi nikiwa mjini nasifiwa. Nimechanganya na ya bondeni."

Wulfrano alivua kofia, hakujua aipeleke wapi.

"Yake ni mingapi humu?" Nereida aliuliza.

"Minne. Minne kati ya thelathini."

"Basi yumo."

"Yumo kidogo."

"Nionyeshe."

Eutimio alimjazia kata. "Utamu ni wa bonde, uache upite," alisema. "Usimeze haraka. Pembeni mwa ulimi kitabaki kitu kikali, kama pilipili mbichi. Halafu harufu ya jiwe lililonyeshewa. Hapo ndipo alipo."

Nereida akapiga funda, akangoja. Akapiga jingine.

"Mama, wewe unampata?"

"Nampata," alisema Macaria.

Nereida akanywa tena, taratibu, uso ameukunja, mpaka kata ikakauka. Wageni wote walikuwa wakimwangalia mdomo. Eutimio alijikuta anaomba kimoyomoyo.

"Mimi sipati kitu, padrino," alisema Nereida, akamrudishia kata. "Ni tamu tu."